Makhan Singh: Mpiga chapa aliyefungamanisha ujira, makao na Uhuru

UKIFUATA barabara ya Landhies kutoka katikati mwa jiji la Nairobi, ukaliacha nyuma soko la Muthurwa na kuingia barabara ya Jogoo, hutakawia kufika mtaa wa Kaloleni. Ni mtaa wa nyumba za chini, zilizopangwa kuzunguka ukumbi wa jamii ambao vizazi kadhaa vya wakazi wa Eastlands vimeutumia kwa mikutano na sherehe.

Katika ukumbi huo, Jumapili ya Aprili 23, 1950, chama cha Kenya African Union (KAU) na kile cha East African Indian National Congress viliandaa mkutano wa pamoja. Nia yao ilikuwa kuupinga mpango wa walowezi wa Kizungu waliotaka kuendelea kuishika hatamu ya nchi. Madai ya kawaida ya siasa za wakati huo yalikuwa ya kadiri: viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria na kupunguzwa kwa ubaguzi.

Ndipo akainuka mwanamume mwenye kilemba, umri wake miaka 36, kazi yake upigaji chapa. Akapendekeza azimio la mkutano liongezwe jambo moja: kwamba dawa ya matatizo ya wananchi haikuwa marekebisho madogo madogo, bali uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki.

Siku 22 baadaye alitiwa mbaroni. Alipoachiliwa, Oktoba 22, 1961, alikuwa ametengwa na familia yake na kazi yake kwa zaidi ya miaka 11.

Mtu huyo alikuwa Makhan Singh. Waliosoma historia ya ukombozi wa Kenya wanamfahamu kama kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Wasilolifahamu wengi ni kwamba ndiye pia aliyeketi baada ya dhiki hizo, akaandika historia ya jasho la Kenya: nani alijenga, nani alilipwa kiasi gani, nani aligoma na kwa nini. Kwake mambo matatu hayakuweza kutenganishwa, yaani ujira wa mfanyakazi, chumba anacholala na mamlaka yanayomtawala.

SEREMALA NA MWANAWE

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913, katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Babake, Sudh Singh, alikuwa seremala aliyekuja Kenya kufanya kazi katika reli. Mwana alimfuata mwaka wa 1927, akiwa na umri wa miaka 13, akasomea Nairobi.

Alikuwa mwanafunzi hodari, hususan katika hesabu. Hata hivyo, baada ya kupasi mtihani wa matrikulesheni wa London mwaka wa 1931, fedha za kumpeleka masomo ya juu hazikupatikana. Akaingia katika kiwanda cha uchapaji ambacho babake alikuwa amekianzisha.

Huenda kukosa chuo ndiko kulikompa elimu aliyohitaji. Kiwanda cha chapa ni mahali ambapo maneno ya watu wa kila tabaka hupitia mikononi mwa fundi. Aidha, hapo Makhan Singh alijipatia silaha ambayo hakuiacha maishani, yaani kikaratasi cha matangazo. Vyama vingine vilipotegemea hotuba, yeye alichapisha vikaratasi kwa lugha za wafanyakazi wenyewe na kuvisambaza mahali pa kazi.

Machi 1935 alichaguliwa katibu wa chama kidogo cha wafanyakazi Wahindi. Jambo la kwanza alilopigania lilikuwa kukibadilisha jina. Chama hicho, kilichoundwa kwa misingi ya kabila na asili, kikawa Labour Trade Union of Kenya, na milango yake ikafunguliwa kwa mfanyakazi yeyote bila kujali rangi.

Mabadiliko hayo yanaweza kuonekana madogo leo. Wakati huo yaligusa kiini cha uchumi wa kikoloni.

NGAZI YA MISHAHARA

Kenya ya miaka ya 1930 iliendeshwa kwa ngazi ya rangi. Juu alikuwa Mzungu aliyeshika ofisi na shamba kubwa. Katikati alikuwa Mwasia aliyekuwa fundi, karani au mwenye duka. Chini alikuwa Mwafrika, ambaye hata alipofanya kazi sawa na mwenzake alilipwa kwa kipimo kingine. Mwafrika mwanamume alitakiwa pia kubeba kipande, hati ya utambulisho iliyotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni, iliyoandikwa mwajiri wake na siku aliyoacha kazi.

Ngazi hiyo haikuwa ya dharau tu. Ilikuwa pia na faida kwa mwajiri. Fundi Mwasia alipodai nyongeza, aliambiwa kuwa Mwafrika angeweza kufunzwa kazi hiyo kwa malipo madogo zaidi. Mwafrika naye alipodai, aliambiwa kuwa kazi ya ujuzi ni ya Waasia. Kila mmoja akamwona mwenzake kuwa ndiye anayemziba riziki.

Makhan Singh aliligeuza fumbo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba mshahara mdogo wa Mwafrika ndio uliokuwa tishio kwa mshahara wa Mwasia, si Mwafrika mwenyewe. Kwa hiyo njia ya pekee ya kulinda ujira wa mmoja ilikuwa kuuinua wa mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika karakana za Nairobi vidole vilikuwa vimefunzwa kuogopana.

Mwaka wa 1936 chama kilianzisha kampeni ya siku ya kazi ya saa nane. Mwaka uliofuata kikaitisha mgomo ambao haukuwahi kushuhudiwa Nairobi kwa urefu wake. Mafundi waliweka zana chini kwa siku 62. Walipozishika tena, waajiri walikuwa wamekubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 15 na 22. Chama kikapanuka na kuchukua jina la Labour Trade Union of East Africa, na mwaka huohuo serikali ikatunga sheria ya kwanza ya kusajili vyama vya wafanyakazi.

Kufikia 1939 viongozi wa Kiafrika wakiwemo Jesse Kariuki na George Ndegwa, waliokuwa pia nguzo za Kikuyu Central Association, walikuwa wamechaguliwa katika kamati ya chama hicho. Mwezi Agosti mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na wakoloni wakaanza kuutazama umoja huo kwa jicho la hofu.

Mwishoni mwa 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India. Huko alijitosa katika harakati za wafanyakazi na za kupinga utawala wa Uingereza. Mei 1940 alikamatwa bila kufunguliwa mashtaka. Alikaa korokoroni, kisha akazuiliwa kijijini mwake hadi Januari 1945. Aliporejea Nairobi mnamo Agosti 1947, aliukuta mji mwingine.

MJI WA MAKAPERA

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeijaza Nairobi watu na kupandisha bei ya kila kitu. Waliokuja kutafuta kazi walielekezwa upande mmoja wa mji, mashariki. Hapo ndipo ilipo mitaa ambayo kwa pamoja huitwa Eastlands.

Mitaa hiyo ni kitabu cha historia ya kazi kwa anayejua kuyasoma majina yake. Kariokor ni jina lililotoholewa kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na wengi wao hawakurudi makwao. Muthurwa na Makongeni ilikuwa mitaa ya wafanyakazi wa reli. Pumwani ilitengwa baada ya vita hivyo ili Waafrika waliotapakaa katika vijiji vya mji wakusanywe mahali pamoja. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa.

Nyumba nyingi zilizojengwa na serikali, baraza la mji na shirika la reli zilifuata wazo moja: kwamba mfanyakazi Mwafrika ni kapera. Hata akiwa na mke na watoto sita, katika hesabu za mwajiri alikuwa mtu mmoja mwenye kitanda kimoja. Familia yake ilichukuliwa kuwa iko mashambani, inajilisha kwa jembe. Kwa sababu hiyo mshahara wake ulikadiriwa kutosheleza tumbo moja, na chumba chake kilipimwa kumtosha mtu wa kupita.

Huu ndio ujira wa kapera. Ukiuchunguza, utaona kuwa mama aliyekuwa akilima Murang'a, Machakos au Siaya ndiye aliyekuwa akilipa sehemu ya gharama ya mfanyakazi wa Nairobi. Yeye ndiye aliyelea watoto, akawalisha wagonjwa na kuwapokea wazee waliochoka. Mwajiri alipata nguvu za mtu mzima kwa bei ya nusu mtu. Na pale ambapo ardhi ya familia ilikuwa imetwaliwa na walowezi au imekuwa finyu, hesabu hiyo haikuwa na chochote cha kuisimamisha.

Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza ya Waafrika iliyojengwa kwa kufikiria familia. Ulikuwa na nafasi za wazi na ukumbi wake. Lakini nyumba zake zilikuwa chache mno kwa mji uliokuwa ukifurika, na mishahara haikuwa imebadilika kulingana nazo.

Makhan Singh alianzia hapo. Mwaka wa 1948 alikuwa miongoni mwa waliosukuma kongamano la vyama vya wafanyakazi kuhusu gharama ya maisha na mishahara. Badala ya kuanza na malalamiko, vyama vilianza na hesabu ya bei ya posho, kodi ya nyumba na mavazi. Ukishajua mtu anahitaji nini ili aishi na watu wake, ndipo unapojua mshahara wake umepunjwa kiasi gani.

Serikali ilijibu kwa njia nyingine. Tangu siku aliporejea ilijaribu kumfurusha nchini ikidai kuwa hakuwa na haki ya kuishi Kenya. Alipinga mahakamani, na juhudi za kumwondoa zikagonga mwamba. Swali la 'kwao' Makhan Singh ni wapi lilimwandama hadi mwisho, na jibu lake halikubadilika: kwao ni pale alipofanyia kazi.

JIJI NA MGOMO

Mei 1, 1949, vyama kadhaa viliungana na kuunda East African Trade Union Congress. Rais wake alikuwa Fred Kubai, kiongozi wa wafanyakazi wa usafiri, na katibu mkuu akawa Makhan Singh. Serikali ilikataa kuusajili muungano huo.

Machi 30, 1950, Nairobi ilipokea hati ya kifalme iliyoupandisha mji huo hadhi na kuwa jiji. Duke of Gloucester alikuja kuikabidhi, na mabarabara yakapambwa. Muungano wa wafanyakazi uliwataka wafuasi wake wazisusie sherehe hizo. Hoja ilikuwa kwamba kulikuwa na Nairobi mbili, moja ya matajiri na nyingine ya maskini, na hati ile ilikuwa ya ile ya kwanza. Mtu alalaye na wenzake wanane katika chumba cha Pumwani hakupata godoro kwa kuwa mji wake umeitwa jiji.

Majuma matatu baadaye ukafuata mkutano wa Kaloleni na lile dai la uhuru. Mei 15, Makhan Singh na Kubai wakakamatwa, wakishtakiwa kuwa maafisa wa chama kisichosajiliwa.

Siku iliyofuata mgomo ulianza. Kwa siku tisa wafanyakazi wa Nairobi walikaa nje ya kazi, na migomo ikaenea katika miji mingine. Walidai viongozi wao waachiliwe, akiwemo Chege Kibachia, aliyekuwa amefungiwa Kabarnet baada ya kuongoza wafanyakazi wa Mombasa mwaka wa 1947. Walidai kima cha chini cha mshahara kiwe Sh100 kwa mwezi. Walidai pia uhuru. Polisi walitumia vitoa machozi na magari ya kivita katika mitaa ya Eastlands, huku ndege za kijeshi zikiruka juu ya mapaa.

Ukiyatazama madai hayo kwa pamoja utaona alama ya mikono ya katibu mkuu. Shilingi mia moja na uhuru wa nchi viliwekwa katika orodha moja. Serikali iliyodai kuwa masuala ya ujira hayana uhusiano na siasa ilijibu suala la ujira kwa magari ya vita, na kwa kufanya hivyo ikathibitisha hoja ya wapinzani wake.

Mgomo ulivunjwa na muungano ukasambaratika. Lakini waliofunzwa humo hawakwenda mbali. Mwaka wa 1951 Kubai, Bildad Kaggia na wenzao wa vyama vya wafanyakazi walichukua uongozi wa tawi la KAU la Nairobi, na wawili hao ni miongoni mwa sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952. Aprili 24, 1954, jeshi liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, likapekua Eastlands mtaa kwa mtaa na kuwatia kizuizini maelfu ya watu.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1954 kamati ya serikali yenyewe kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Fred Carpenter, ilitoa ripoti ikipendekeza ujira wa kapera uachwe na nafasi yake ichukuliwe na ujira unaoweza kumtunza mtu na familia yake. Lililokuwa uchochezi kinywani mwa wafanyakazi likawa ushauri wa kitaalamu katika karatasi za serikali.

MIAKA 11 KIZUIZINI

Kesi ya kumzuilia Makhan Singh ilisikilizwa Nyeri. Hakukanusha kuwa alikuwa Mkomunisti, wala hakulainisha msimamo wake kwamba Uingereza haikuwa na haki ya kuitawala Kenya. Akapelekwa Lokitaung, karibu na mpaka wa kaskazini, kisha Maralal, na baadaye Dol Dol. Mkewe, Satwant Kaur, alibaki Nairobi na watoto.

Katika miaka hiyo harakati za wafanyakazi zilishika njia tofauti. Tom Mboya, mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, alijenga Kenya Federation of Labour kwa kutegemea mazungumzo na waajiri na urafiki na vyama vya Uingereza na Marekani. Njia hiyo ilivinusuru vyama visipigwe marufuku wakati vyama vya siasa vya nchi nzima vilipokuwa vimefungiwa, na ilileta mafanikio ambayo hakuna awezaye kuyapuuza. Hata hivyo, iliwaacha pembeni waliotoka katika mkondo wa 1950.

Kwa hiyo Makhan Singh alipotoka Oktoba 1961 alikuta viti vimejaa. Vita baridi vilikuwa vimegawanya vyama vya wafanyakazi, na jina la Mkomunisti lilimfuata kama kivuli. Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, hakupewa wadhifa wowote serikalini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye hakutunzwa, wala hakugombea kutunzwa. Alirudi kwenye karatasi zake.

MWANAHISTORIA WA JASHO

Karatasi hizo ndizo urithi mkubwa aliouacha. Makhan Singh alikuwa mtu wa kuhifadhi. Kikaratasi cha mgomo, kumbukumbu za kikao, barua kwa kamishna wa kazi, kipande cha gazeti: alivitunza vyote.

Kutokana na hazina hiyo, mwaka wa 1969 kampuni ya East African Publishing House ilichapisha kitabu chake kiitwacho 'History of Kenya's Trade Union Movement to 1952'. Cha pili, kuhusu miaka ya 1952 hadi 1956, kilitoka 1980, baada ya kifo chake. Alikuwa pia mwanachama wa Chama cha Wanahistoria wa Kenya, na insha yake kuhusu East African Association, chama kilichoongozwa na Harry Thuku, ilichapishwa mwaka wa 1971 katika mkusanyiko wa chama hicho uliohaririwa na Bethwell Ogot.

Wakati huo historia ya Kenya ilikuwa ikiandikwa upya. Vitabu vya kikoloni vilivyomtukuza mjenzi wa reli na mlowezi vilikuwa vikiwekwa kando. Mahali pao pakaingia historia za makabila na wasifu wa viongozi wa siasa. Katika masimulizi hayo mapya, mtu wa ujira bado alikuwa mgeni. Alionekana katika umati uliomshangilia kiongozi, kisha akatoweka.

Makhan Singh alimrudisha. Hakuanza na vyama, alianza na kazi yenyewe. Alionyesha kuwa wafanyakazi wa reli waligoma mwaka wa 1900 kabla Nairobi haijawa mji wa maana. Aliandika kuhusu wavutaji wa vigari vya abiria waliogoma Nairobi 1908, mabaharia wa mashua waliogoma Mombasa 1912, na Wahindi wa reli na wa idara ya ujenzi waliogoma 1914. Kwa kuyapanga matukio hayo mfululizo alivunja dhana mbili: kwamba Mwafrika alifundishwa kugoma na wachochezi wa kigeni, na kwamba siasa za ukombozi zilianza na wasomi.

Kitabu chake si chepesi. Kimejaa tarehe, maazimio na barua zilizonukuliwa kwa urefu, na mara nyingi mwandishi hujificha nyuma ya hati zake hata pale anaposimulia mambo aliyoyatenda mwenyewe. Msomaji anayetafuta nadharia ataona ukame. Hata hivyo, ukavu huo una maana yake. Mtu aliyeitwa mwongo na mchochezi kwa miaka 20 aliamua kutosema neno bila kuweka ushahidi mezani.

Wasomi wa historia ya uchumi humkumbuka Arnold Toynbee, Mwingereza aliyefariki 1883 akiwa na umri wa miaka 30. Toynbee ndiye aliyelieneza jina la Mapinduzi ya Viwanda na kuwataka wasomi wenzake wakaishi karibu na maskini wa London Mashariki. Mwaka wa 1884 nyumba ya jamii iitwayo Toynbee Hall ilifunguliwa huko kwa heshima yake. Wote wawili waliamini kuwa kuuchunguza umaskini kunamdai mchunguzi auondoe. Tofauti ni mahali walipotokea. Toynbee alitoka chuoni akawaendea wafanyakazi. Makhan Singh alitoka karakanani, na ukumbi wake wa Kaloleni haukuwa wa kuwapokea wafadhili bali wa wakazi kujiamulia.

DENI LA EASTLANDS

Makhan Singh alifariki Mei 18, 1973, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 59. Hati zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 2006 mwandishi Zarina Patel alichapisha wasifu wake. Lakini jina lake bado si la kila siku katika mitaa aliyoipigania.

Hilo ni jambo la kusikitisha kwa sababu maswali yake hayajazeeka. Nyumba za zamani za Eastlands, nyingi zikiwa zimechakaa na kusongwa na vibanda, sasa ziko katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya kwa ghorofa. Mijadala kuhusu mipango hiyo hugeukia idadi ya nyumba na bei ya kila moja. Makhan Singh angeanza na hesabu nyingine: mshahara wa mtu anayeuza sokoni Burma, anayeshona Gikomba au anayefanya kibarua Viwandani ni kiasi gani, na baada ya kulisha watoto na kulipa karo hubaki ngapi za kodi. Nyumba isiyoweza kulipiwa na anayeijenga ni mwendelezo wa ile hesabu ya kapera, hata ikiwa na ghorofa kumi.

Angeuliza pia nani yuko mezani wakati maamuzi yanapopitishwa. Kwa maoni yake, ujira na makao havikuwa sadaka ya kupokelewa kwa kupiga magoti, bali haki inayodaiwa na watu walioungana. Ndiyo maana aliona kuwa Sh100 na uhuru wa nchi vilipaswa kudaiwa kwa sauti moja.

Ukumbi wa Kaloleni ungalipo. Vijana wanaoutumia leo huenda hawajui kuwa mpiga chapa mmoja aliwahi kusimama humo na kutamka neno ambalo lilimgharimu zaidi ya miaka 11 ya maisha yake. Lakini ukiwauliza wakazi wa mtaa huo wanataka nini, wengi watakutajia kazi yenye malipo ya haki, nyumba yenye staha na sauti katika mambo yao. Makhan Singh aliyaweka madai hayo katika orodha moja mwaka wa 1950.